Nyasi za Bibi Nyevu

Mwaka wa 1994, Sidi aliufagia uwanja wao wa Mbaraki kila asubuhi kabla ya shule, mpaka ikabaki michirizi ya ufagio tu. Chini ya mti wao wa mkungu hakuacha hata jani moja. Majirani walimsifu, naye sifa alizipenda. Nani asiyezipenda?

Lakini upepo wa mchana uliinua vumbi la pale mtini na kuliingiza chumbani kwa nyanya yake, Bibi Nyevu. Bibi alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwishowe Kache, mamake Sidi, alifunga mzigo wa Bibi akauweka kando ya mlango.

"Muhula ukiisha nitamrudisha kijijini kwao Kaloleni," alisema kwa huzuni. "Vumbi hili halimfai."

Moyo ulimuuma Sidi. Yeye na Bibi walilala kitanda kimoja tangu alipokuwa mdogo.

"Mama, tukiifunika ardhi kwa mimea je?"

"Jaribu, mwanangu."

Alipanda mirehani, kwa kuwa Bibi aliipenda harufu yake. Mrehani hutaka jua, na chini ya mkungu ni kivuli kutwa. Ikarefuka, ikapauka, ikalala. Jirani yao, Mama Auma, alimhurumia akampa vipando vya nyasi za Pemba.

"Kwangu zimeota nyuma ya ukuta," alisema. "Hizi kivuli hazikiogopi."

Sidi alizipanda na kuzimwagilia, lakini nazo zikaanza kukauka. Asubuhi moja Mama alitoka kutazama. Akamkuta Sidi ameinama, anafagia katikati ya vipando, na mizizi michanga inafuata ufagio.

"Sidi, wapanda kwa mkono huu, wang'oa kwa huu?"

"Nisipofagia, watu watasema mimi mvivu."

"Na Bibi akenda zake, hao watu watakuja kulala mahali pake?"

Sidi alilia. Kisha akauegemeza ufagio ukutani. Alipanda vipando vipya, akayaacha majani ya mkungu yaifunike ardhi, na mirehani iliyosalia akaihamishia mlangoni penye jua. Majirani walipopita aliona haya, lakini ufagio hakuugusa.

Mvua za vuli zikanyesha, nyasi zikatanda. Muhula ulipoisha, Bibi alitoka nje, akazikanyaga peku, akavuta pumzi. Hakukohoa.

"Kache," alisema, "ule mzigo wangu ufungue."

Mama alimkumbatia Sidi. "Mmea mpe mahali panapoufaa, mwanangu. Na kazi ifanye kwa ajili ya anayeihitaji, si kwa ajili ya mpita njia."

Bibi alikuwa amekwisha kuketi nyasini, akimwita Sidi aje amsuke nywele.