Mwizi Aliyechemsha Chai

Kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza, tumbo wazi, na diski yake haikuwepo.

Inspekta aliinama akaichungulia. Kituoni walimwita Mama Kupe, kwa kuwa akishika haachii, na jina hilo halikumkera. Aliziona skrubu zimewekwa ndani ya kisosi zisipotee. Aliuona waya wa umeme umekunjwa ukafungwa vizuri kwa mpira. Akapitisha kidole ndani ya kompyuta, kikatoka safi.

"Mwizi gani huyu anayefuta vumbi?"

Mlalamikaji hakucheka. Alikuwa kinyozi, mzee mwembamba ambaye watu walimkabidhi shingo zao bila wasiwasi. Leo alikuwa akilia waziwazi.

"Nini kingine kimeibwa, Mzee?"

"Hakuna."

"Redio?"

"Ile pale. Angechukua redio, Afande! Angechukua hata kitanda nilalie mkeka. Kwa nini amchukue mke wangu?"

Inspekta akavuta kiti, akaketi. Mzee akaeleza. Mkewe alikuwa marehemu. Alipokuwa mgonjwa, na akijua haponi, alikaa mbele ya kompyuta hiyo akarekodi sauti yake kwa ajili ya mume ambaye tangu waoane hakujua chumvi inakaa wapi. Alimwachia maelezo ya kupika maharage, na ya jirani asiyefaa kuazimwa sufuria. Aliacha na maneno mengine ambayo mzee hakuona haja ya kuyaeleza polisi. Kila asubuhi kinyozi alisikiliza rekodi kabla ya kwenda kazini. Nyingi hakuwa amezigusa bado.

"Nazibana," alisema. "Zikiisha, atakuwa amekufa kweli."

"Hukutoa nakala?"

"Fundi wa kompyuta alikuja akasema diski inaugua, nimpelekee ainakili. Nikakataa."

"Kwa nini?"

Mzee akainamisha kichwa. "Mle ndani kuna ya mke na mume, Afande. Yule fundi ni mwanamume. Akae ayasikilize?"

Mlango haukuvunjwa. Dirisha halikuguswa. Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake kila mahali, akapata za mzee mwenyewe na za binti yake, ambaye alikaa mtaa wa pili na alikuja kumfagilia baba yake. Hilo halikuwa ushahidi wa lolote.

Inspekta akaona chupa ya chai juu ya kabati. Akaifungua, mvuke ukampiga usoni.

"Mzee, leo umetoka saa ngapi?"

"Alfajiri. Nimerudi mchana huu, nikakuta haya."

"Chai umechemsha wewe?"

"Mimi? Mimi hata maji naunguza."

"Basi mwizi wako kakuchemshia chai."

Mzee akaitazama chupa kwa muda mrefu. "Hapana," alisema, ingawa hakuwa ameulizwa kitu.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba chembamba kilichojaa kompyuta zilizofumuliwa. Fundi alimwona Inspekta, akasimama haraka mno kwa mtu asiye na hatia.

"Umeletewa diski leo?"

"Diski nyingi, Afande."

"Ya kinyozi."

"Aah, yule mzee alikataa."

"Sikukuuliza alikataa au alikubali."

Fundi akaokota bisibisi, akairudisha mezani. Hapo kitu kikasikika pembeni: tak, tak, tak.

"Nini kinagonga?"

"Panka."

"Panka linapuliza. Hilo ninaliona. Nauliza kinachogonga."

Panka dogo lilikuwa likipepea kisanduku cha chuma kilicholala juu ya taulo la kuogea, rangi ya waridi, limekunjwa kama la mtoto mchanga. Waya zilitoka kwenye kisanduku zikaingia katika mashine nyingine.

"Chomoa. Hicho ni kielelezo."

Fundi akaruka akasimama katikati. "Nikamate mimi, Afande, lakini usiiguse! Ndani kuna sahani inazunguka, na kichwa cha kuisoma kimechakaa. Kila ikiwashwa inakwaruzwa. Mzee ameiwasha kila siku akidhani anampenda mkewe, kumbe anamfuta. Nikiizima sasa, haiamki tena."

"Kazi imebaki nyingi?"

"Kidogo. Ila hicho kidogo ndicho kibovu zaidi."

"Na wewe umekaa hapa unasikiliza?"

"Hakuna kinachosikika. Mashine inahamisha tu, kama hamali na masanduku yaliyofungwa. Nilijaribu kumweleza mzee, hakunipa nafasi."

Sheria ilikuwa wazi: mali ya wizi ikionekana, inakamatwa. Inspekta aliijua sheria hiyo kuliko jina la mama mkwe wake. Akavuta stuli, akakaa.

"Itakamatwa ikimaliza."

Walikuwa bado wamekaa binti wa kinyozi alipoingia na chakula cha fundi. Alimwona Inspekta, akaweka chombo chini polepole. Hakujaribu kukimbia.

"Uliingiaje?" Inspekta aliuliza.

"Nina ufunguo. Ni kwetu."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Nimemwomba mpaka ulimi umekauka. Anasema ni mambo yake na mkewe."

"Ungemwachia hata ujumbe."

"Angekuja hapa mbio, aiwashe ahakikishe kama mama yumo. Si unamjua? Hapana, humjui. Mimi namjua."

"Na chai?"

Binti akashusha pumzi. "Angerudi na kiu, Afande."

Inspekta alikuwa na kila alichohitaji. Lakini kupe ni kupe. "Sababu ni hiyo tu?"

Hapo binti alilia, kilio kilichokuwa kimesubiri nafasi. "Tangu tumzike sijaisikia sauti yake. Baba anafunga mlango. Mimi nasimama uani na ufagio, nasikia mvumo tu, maneno hayanifikii. Mke ni wake, sikatai. Lakini mama ni wangu."

Tak ya mwisho ilisikika, kisha kimya. Fundi akaiwekea sikio diski, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa."

"Na nakala?" binti na Inspekta waliuliza kwa pamoja.

Fundi akatazama kioo cha mashine yake muda uliowachosha roho. "Chache hazikusomeka. Nyingine zote zipo."

Jioni, mzee alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Inspekta alipomaliza kueleza, akamwambia, "Nikifungua kesi, mtuhumiwa ni huyu. Useme wewe."

Mzee akamgeukia bintiye. "Umeniibia nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Baba."

"Umeniacha nalia mbele ya askari, mtu mzima mimi."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. Alimpenda binti huyu kupita kiasi na alikuwa hajamwambia. Hakumwambia hata sasa. Alisogeza kiti cha pili mbele ya kompyuta, ambayo fundi alikuwa ameshaifunga diski mpya yenye nakala, akakipigapiga kile kiti kwa kiganja. Binti akakaa. Mzee akatafuta rekodi ambayo hajawahi kuisikia, akaibonyeza.

Sauti ya mwanamke ilijaa chumba, nyembamba ya ugonjwa, yenye kicheko.

"Mume wangu, nakujua. Hii umeificha mpaka imeota ukungu. Acha kunibana kama kipande cha sabuni! Mwite mtoto, huyo mwanangu, kuleni mshibe, kisha mnisikilize wote siku moja mpaka mchoke. Mkishachoka nendeni kazini."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni, viatu mkononi asije akapiga kelele. Nyuma yake alimsikia binti akisema, "Baba, rudisha pale aliponiita mwanangu."

Mzee akarudisha. Binti akaomba tena, naye akarudisha tena.