Mpishi wa Ukutani

Nilikwenda kumpelekea mume wangu chakula tu. Magharibi, jua linazama, mgongo wangu haunyooki kwa kupiga vigae kutwa, halafu bado nitumwe! Yeye ndiye fundi mkuu wa ile nyumba ya kikoloni tuliyokuwa tunaikarabati, na kesho yake mwenye nyumba alikuwa anahamia.

Mwenye nyumba alitaka ya kale na ya sasa kwa pamoja. Nje tuliacha baraza pana, nguzo na madirisha marefu ya mbao. Ndani tukaweka dari ya jipsamu, viyoyozi na maji ya moto kila bafu. Ilipendeza, sikatai.

Ila tulifanya unyama. Tulipotoboa ukuta wa jikoni kupitisha bomba la kiyoyozi, tulikuta uwazi uliozibwa kwa matofali. Ndani, mifupa ya mtu aliyekaa. Vifungo vya shaba vya sare ya mpishi. Mikono imefungwa kwa waya.

"Tukiripoti, kazi inasimamishwa," mume wangu alisema. Akajenga upya, akafunika kwa ubao wa jipsamu. Mimi nikapiga vigae juu yake, nikarudi nyuma hatua mbili, nikajisifu vimenyooka. Mungu anisamehe.

Jioni hiyo nilikuta mlango wazi, taa zinawaka.

"Baba watoto?"

Nikaingia hadi jikoni.

Halafu harufu... Vitunguu vinakaangwa. Na jiko jipya la umeme bado lilikuwa ndani ya nailoni yake!

Ngo. Ngo. Ngo.

Ndani ya ukuta.

"Mama watoto... nitoe." Sauti ya mume wangu, haina shaka. "Nakosa pumzi."

Nilishika nyundo, nikavunja vigae vyangu mwenyewe huku nalia. Jipsamu ikapasuka. Matofali yalikuwa vilevile, saruji imeshika, hakuna aliyeyagusa. Sasa huyu mtu kapitia wapi? Nikapiga, nikapiga. Tofali likaanguka.

Mkono ukatoka.

Ulikuwa na joto. Nikabomoa, nikavuta, akatoka mzima, vumbi tupu, na nguo zake zilezile za kazi. Nilimkumbatia nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye hakunikumbatia. Nikaona vifundo vya mikono yake: alama za waya, nyekundu, mbichi.

Nikamulika shimoni kwa simu.

Mifupa ilikuwa imekaa palepale. Kidoleni ilivaa pete ya ndoa. Pete niliyomvalisha mume wangu kwa mkono wangu.

"Ziba," akasema yule mtu, taratibu.

"Wewe... nani?"

"Mliniona, mkanifunika mara ya pili. Wa kwanza kunizika humu alikuwa bwana wangu niliyempikia. Nyinyi je, niliwakosea nini?"

Nilishusha nyundo.

"Ziba twende. Watoto hawajala, na mimi ni mpishi."

Wanangu, jamani! Nikikataa, atawapikia nini? Nilikoroga saruji. Nikapanga matofali, nikaweka ubao mpya na vigae vipya. Kutoka ndani mume wangu aliniita kwa majina yote tunayoitana chumbani. Nilimsikia. Niliendelea kuziba.

Mwenye nyumba amehamia, na jiko lake amelipenda. Kwangu kuna mwanamume anayepika vizuri kupita kiasi. Watoto wanamwita baba na kuomba kuongezwa. Mimi leo ni siku ya nne sijatia kitu mdomoni, na kila jioni ananiwekea sahani, anakaa mbele yangu, ananisubiri.