Nishushe Kwenye Kona

Kila asubuhi Mwanakombo alifagia upande wao wa ua, akabandika chai, akavaa sare, kisha akapanda bajaji ya baba yake kwenda shule. Na kila asubuhi, zikibaki nyumba chache tu kufika, alimgusa baba yake begani na kusema maneno yale yale.

"Baba, nishushe hapo kwenye kona."

"Geti lile pale, mwanangu. Si nikufikishe tu?"

"Hapana, baba. Nataka kunyoosha miguu."

Jamani, miguu ya msichana wa miaka kumi na miwili imejikunja wapi hata inyooshwe saa moja asubuhi? Baba yake, Fakihi, hakuuliza. Alimshusha, akamwambia asome kwa bidii, akageuza bajaji na kuondoka bila kishindo. Mwanakombo aliinamisha kichwa na kuharakisha, kana kwamba bajaji ile ilikuwa ya mtu asiyemjua.

Ukweli ni kwamba aliionea aibu, kwa kuwa ilikuwa bajaji ya umeme.

Kwa miaka mingi Fakihi alikuwa ameendesha bajaji ya petroli ya tajiri mmoja wa Temeke. Kila jioni alirudi nyumbani nguo zinanuka mafuta, na sehemu kubwa ya alichopata imeishia kituo cha petroli na mfukoni mwa tajiri. Alipopata uwezo wa kununua yake, hakukurupuka. Aliwazungukia madereva waliokuwa na bajaji za umeme akawauliza maswali mpaka wakamchoka. Ikijaa chaji inakwenda mpaka wapi? Maji yakituama barabarani inakuwaje? Umeme ukikatika mtaani unafanyaje? Betri ikichoka, fundi yuko wapi?

"Ingekuwa safari zangu ni za kwenda Kibaha kila siku, ningebaki na petroli," alimwambia mkewe, Hamida. "Lakini mizunguko yangu ni hapa hapa, na jioni nalala kwangu. Ukutani kuna soketi. Hii itatufaa."

Na kweli iliwafaa. Lakini shuleni mambo yalikuwa mengine. Siku ya kwanza tu Jenipher, mwenzake Mwanakombo wa darasa la sita, aliitazama pale getini akapiga kelele: "Jamani, hii bajaji au pasi? Ati inachomekwa ukutani!" Wanafunzi waliokuwa getini wakaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo Mwanakombo akaitwa Binti Pasi.

Kulikuwa na jambo jingine. Bajaji za mjini karibu zote zina maneno nyuma, ya utani au ya kujisifu au ya kumshukuru Mungu. Ya Fakihi ilikuwa nyeupe tupu. "Maneno nimekuachia wewe uchague," alimwambia binti yake. "Ukishachagua, Venance atatuandikia."

"Yoyote tu, baba," Mwanakombo alijibu bila kuinua macho. Basi ikabaki vile vile, bila neno.

Venance alikuwa kijana mchonga vinyago aliyepanga chumba cha mwisho katika nyumba ile ile waliyopanga akina Mwanakombo. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuchonga na hata wa kuandika mabango. Kigoda alichokalia Mwanakombo akifanya kazi za shule alikichonga yeye, akampa bila kudai chochote. Mwezi uliopita Venance alilalamika kwenye kikao cha wapangaji kwamba tangu bajaji ije, uniti za umeme kwenye mita ya LUKU ya nyumba zinaisha upesi mno. Fakihi hakubisha. Alifunga mita yake ndogo ili umeme wa bajaji aulipie peke yake, wakapeana mikono, mambo yakaisha.

Alhamisi moja jioni, Fakihi alirudi kutoka msikitini akiwa na furaha. "Kesho siku ya wazazi shuleni kwenu," alimwambia Mwanakombo. "Nitakuja na mama yako nyuma, amependeza. Na kesho hakuna cha kona. Tunaingia mpaka katikati ya uwanja!"

Mwanakombo alijiona akishuka katikati ya uwanja huku shule nzima ikimwita Binti Pasi mbele ya wazazi wao. Baba yake alichomeka chaja ya bajaji, kama alivyofanya kila jioni, akaingia ndani kula. Mwanakombo akatumwa kuanua nguo.

Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kwenye chaja. Aliitazama, akatazama na mlango. Kisha akainama, akachomoa plagi, akaiacha chini. Taa ikazimika.

"Kesho moja tu," alijiambia. "Tutakwenda kwa miguu, basi."

Asubuhi aliamshwa na sauti ya baba yake uani. "Nani kachomoa hii? Chaji imebaki mstari mmoja!"

Hamida alitoka mbio akiwa na kijiko mkononi. "Mungu wangu! Na leo si ndiyo siku ya Bibi Sugra?"

Mwanakombo aliganda mlangoni. Bibi Sugra alikuwa mzee mjane aliyeishi na mwanawe Raza mtaa wa pili, na Fakihi ndiye aliyempeleka kila mahali. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, la kushoto nalo likiona kwa shida, na alikuwa amesubiri kwa muda mrefu zamu ya kufanyiwa upasuaji katika kliniki moja ya Mbezi Beach. Kumbe zamu yenyewe ilikuwa asubuhi hiyo. Fakihi alikuwa amepanga amfikishe kwanza, ndipo arudi kuwachukua mkewe na binti yake kwenda shuleni.

"Mwana, jana ulipokuwa unaanua nguo, uliona mtu hapa?" Fakihi alimuuliza binti yake.

Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini aliona aibu, na midomo ikasema kitu kingine.

"Sikuona mtu, baba."

Fakihi aliirudisha plagi ukutani, akavaa haraka huku akiwapigia simu madereva wenzake. Wote walikuwa na abiria. Chaji ikapanda mpaka mstari wa pili. "Nikienda polepole itatufikisha," alisema, akaondoka.

Mwanakombo aliingia getini kwa miguu akiwa na mama yake, kama alivyotaka. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemwita Binti Pasi. Mwalimu alimsifia mbele ya wazazi kwa insha yake, makofi yakapigwa, naye hakusikia raha hata chembe. Kiti cha baba yake kilibaki kitupu mpaka watu wakatawanyika.

Bajaji ilikuwa imezima kabla ya kufika Mwenge. Bibi Sugra alikaa kando ya barabara juani, kitambaa usoni, mpaka ikapatikana teksi. Alipofika kliniki, daktari alikuwa ameshamwingiza mgonjwa mwingine, akaambiwa arudi wiki inayofuata. Raza alipiga simu akiwa amewaka. "Mama yangu si wa kujaribia betri, Fakihi! Nitamtafutia dereva mwenye gari la kueleweka."

Fakihi alirudi mchana bajaji imebebwa juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Alikaa kwenye kigoda cha Mwanakombo, viatu vimejaa vumbi, hata maji hakuyaomba.

"Labda waliokuwa wananicheka walikuwa na haki," alisema. "Nitaiuza. Nirudi kwa tajiri, nichukue ya petroli."

"Usiseme hivyo, Baba Mwana," Hamida alimwambia. "Bajaji haina kosa. Aliyechomoa ndiye mwenye kosa."

Neno hilo lilifika masikioni mwa Bi Tabu, mwenye nyumba, mama asiyetaka mchezo katika ua wake. Baada ya swala ya alasiri aliwaita wapangaji wote uani. Mwanakombo alipewa birika amimine chai.

"Plagi haitembei," Bi Tabu alianza. "Kuna mkono umeichomoa. Na katika ua huu mtu aliyewahi kulalamikia umeme wa bajaji ni mmoja tu."

Watu wote wakamgeukia Venance. Kijana alikuwa na unga wa mpingo mpaka kwenye nyusi, maana aliitwa akiwa kazini.

"Mie nililalamika, sikatai," alisema. "Nikasema hapa hapa, mbele yenu, mchana kweupe. Braza Fakihi akafunga mita yake, yakaisha. Sasa nichomoe ili iweje?"

"Kinyongo," mmoja akanong'ona.

"Mie sina kinyongo, jamani. Bibi wa watu akose matibabu kwa ajili yangu? Mnanionaje nyie?"

"Venance, sipendi mambo haya," alisema Bi Tabu. "Mwezi ukiisha unipishe chumba changu."

Venance aliwatazama watu mmoja mmoja kama anayetafuta wa kumsemea, na macho yake yakamfikia Mwanakombo. Alimtazama kwa wema tu, kama siku zote, na wema huo ulimchoma binti kuliko matusi.

Mwanakombo aliweka birika chini.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" aliuliza Bi Tabu.

"Ni mimi niliyechomoa. Kaka Venance hajui lolote. Nilichomoa jana nilipokuja kuanua nguo, na asubuhi nikamdanganya baba."

Fakihi alisimama taratibu. Mwanakombo alidhani atapigwa, na moyoni akatamani apigwe yaishe.

"Kwa nini, Mwana?" baba yake aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa naionea aibu bajaji. Wenzangu wananicheka. Sikutaka uingie nayo uwanjani." Machozi yalimtoka. "Sikujua kama ni siku ya Bibi Sugra. Lakini ulipouliza nilishajua, na bado nikakaa kimya."

Fakihi aliitazama bajaji yake nyeupe, akamtazama binti yake, akashika kidevu. "Kumbe ndiyo maana ya kona," alisema. Hayo tu. Mwanakombo hakuwa amewahi kusikia maneno mazito kama hayo.

Alimwendea Venance, akapiga magoti. "Shikamoo kaka. Nisamehe. Ungefukuzwa kwa ajili yangu."

"Marahaba. Inuka, utachafua sketi," Venance alisema, akijifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Yameisha. Ila umenitoa jasho leo, mdogo wangu."

Bi Tabu naye aliinuka. Ilimwia vigumu, lakini aliinuka. "Venance, na mimi unisamehe. Nilihukumu kabla sijajua. Chumba ni chako."

Jioni hiyo hiyo Fakihi alimpeleka binti yake kwa Bibi Sugra. Walikwenda kwa miguu. Raza ndiye aliyefungua mlango, uso umekunjamana. Mwanakombo alimwamkia, akamwamkia na bibi, kisha akaeleza yote bila kujipunguzia kosa. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Na mie nilikosea, mama," Fakihi aliongeza. "Nilijua chaji ni ndogo, nikabahatisha. Ningekwambia mapema tutafute gari jingine."

Bibi Sugra aligeuza uso, jicho lake la kushoto likimtafuta binti mwangani.

"Hasira ninayo," alisema hatimaye. "Nilikaa juani pale barabarani kama mzigo ulioanguka. Lakini njoo karibu, mtoto. Baba yako ananibeba tangu macho yangu hayajaharibika. Tangu apate bajaji hii sikohoi moshi, wala sirudi kichwa kinagonga. Hicho ndicho ulichokionea aibu?"

Mwanakombo aliinamisha kichwa.

"Sikuambii usione aibu kabisa. Aibu inamzuia mtu asifanye ubaya. Ila yako uliiweka mahali pasipo pake. Uliona aibu kwa kazi halali ya baba yako, hukuona aibu kusema uongo na kumwacha mwenzio asingiziwe. Kesho ukiona aibu, jiulize kwanza: nimefanya kosa gani? Kama hakuna kosa, inua kichwa chako upite."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Raza, wiki ijayo nitakwenda na Fakihi. Huyu binti ndiye atakayechomeka."

Raza alikuna kichwa, akaguna, akakubali.

Kuanzia hapo kuchomeka chaja ikawa kazi ya Mwanakombo. Alijifunza kusoma mistari ya chaji, kufuta maji kwenye plagi, na kutazama ile taa ya kijani kabla ya kulala. Siku ya Bibi Sugra ilipofika, mistari ilikuwa imejaa yote. Bibi alikwenda Mbezi Beach, akafanyiwa upasuaji, akarudi na bandeji. Bandeji ilipotolewa alimwita Mwanakombo, akamshika kidevu, akamtazama kwa macho mawili. "Ala! Kumbe unafanana na baba yako hivi!" Mwanakombo alicheka, na safari hii alifurahi kufananishwa naye.

Siku ya Jumamosi alimfuata Venance kwenye kivuli alikochongea.

"Kaka, nimepata maneno ya bajaji."

Alimnong'oneza. Venance aliacha patasi, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda kutafuta rangi.

Jumatatu asubuhi walipofika kwenye kona, Fakihi alipunguza mwendo kwa mazoea. Mwanakombo hakumgusa bega. Bajaji ikapita kona, ikaenda kimya kimya mpaka getini, ambako Jenipher na wenzake walikuwa wamesimama.

"Binti Pasi kaja na pasi yake!" Jenipher alipiga kelele.

"Ndiyo, tena ni ya baba yangu," alijibu Mwanakombo akishuka. "Ukitaka lifti jioni, nitakuombea."

Alimshika baba yake mkono mbele ya watu wote na kumuaga. Fakihi aligeuza bajaji, na wanafunzi wote wakayaona maneno mapya nyuma yake, kwa herufi nyekundu za Venance: NISHUSHE GETINI.