Mfuko wa Kulia

Vaileth alikuwa amekwisha kugombana na watu wawili katika msongamano wa soko la Kilombero kabla hajafika kwenye cherehani ya fundi Lesian.

"Nishonee jingine kama hili nililovaa," alisema, akishika gauni lake la kitenge cha njano lililopauka mabegani. "Usiongeze, usipunguze."

Lesian, kijana mrefu mwenye koti la kahawia na futi shingoni, alimzunguka taratibu.

"Dada, hili ni gauni au gunia la viazi?"

"Ni la kazi. Nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, Sombetini."

"Na ukali huu nao ni wa kazi?"

"Huu ni wa mafundi."

Kitambaa cha rangi ile kilitafutwa wiki tatu, na simu kati yao zikawa nyingi kuliko kitambaa, mpaka zikageuka za mapenzi.

"Umekula, mpenzi?" Lesian aliuliza jioni moja.

"Nimekula maneno ya Bibi Marta."

Bibi Marta wa Akheri alikuwa na mjukuu wa miaka saba, Sia, asiyesema. Alimleta shuleni kwa majaribio tu: akijiumiza tena, atarudi nyumbani, kwenye chumba alichozoea kufungiwa.

Ijumaa Vaileth alimwachia Lesian gauni la zamani kwa ajili ya vipimo. Jumapili akaletewa jipya, limembana kiuno vizuri, lakini halina ule mfuko mkubwa wa kulia wa gauni la zamani. Alikasirika, lakini akalivaa, maana Sia alizoea kumwona na njano, naye hakuwa na vazi jingine la rangi hiyo.

Kila asubuhi Sia huingiza mkono katika mfuko wa kulia wa mwalimu, akatulia, ndipo akaenda kwenye mkeka wake. Jumatatu ile mkono uliteleza juu ya kitambaa kitupu. Mara ya pili. Mara ya tatu akapiga kelele, akagonga kichwa ukutani mpaka damu ikatoka. Bibi Marta alikuwa bado mlangoni.

"Mwalimu, Ijumaa namchukua."

Vaileth akampigia Lesian.

"Nani alikwambia uondoe mfuko?"

"Nilitaka upendeze, malkia wangu. Ulikuwa unaning'inia kama kiwele cha ng'ombe."

"Mtoto ameumia, na bibi yake anamchukua Ijumaa. Nipe gauni langu la zamani."



"Nimelifumua, nipate kipimo."

"Basi na mimi nimefumuka. Usinipigie tena."

Lesian alipiga mara kumi na moja. Hakuna iliyopokelewa.

Ijumaa Bibi Marta alikuwa akifunga kifurushi cha nguo za Sia, Lesian alipoingia darasani.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Marta akakaza fundo la kifurushi. Lesian akapiga magoti mbele ya Vaileth, akatoa mfuko ule wa zamani, uliopauka, na sindano.

"Simama wima."

"Ukinichoma tutaonana vibaya."

"Tumeshaonana vibaya."

Akaushona palepale, upande wa kulia wa gauni jipya, kila mtu kanuna. Alipokata uzi kwa meno, Sia akasogea. Mkono ukaingia mfukoni. Akatulia. Kisha mkono wa pili ukaingia katika mfuko wa koti la Lesian, ukabaki humo.

Bibi Marta akaweka kifurushi chini.

"Wateja wananisubiri," Lesian akanong'ona.

"Usitikisike," Vaileth alimwambia. "Na Jumatatu uje na koti hilohilo. Huyu akizoea kitu, hakiachi."

"Na mwalimu wake?"

Vaileth hakutabasamu. "Huyo ndiye mbaya zaidi. Fikiri kabla hujajibu."

Lesian aliutazama ule mkono mdogo mfukoni mwake.

"Jumatatu saa ngapi?"