Sketi Nyekundu kwa Mlango Mkubwa

“Lirudishe,” Suying alisema, akilisukuma mezani lile joho la rangi ya waridi. “Mwambie bibi aliyekutuma mimi si suria.”

Mshenga akaanza kulikunja upya. Ilikuwa Peking, mwaka wa pili tangu mfalme aondolewe, na familia za vyeo bado zilijiona ndizo zenye mji. Suria huvaa waridi, huingia kwa mlango wa ubavuni. Nyekundu ni ya mke halali. Mshenga alitumwa na mama yake Yuheng, mchumba wa Suying. Mama huyo alikuwa ameapa kwamba mwanawe, mtu mwenye cheo cha kifalme cha beizi, hatua moja chini ya beile, hatamwoa binti wa muuza mikate ya ufuta.

Suying alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko uchungu. Yuheng alimwahidi ndoa. Akafungua sanduku, akavaa sketi nyekundu aliyojishonea mwenyewe.

Mama Guo, mama yake, akafuta unga mikononi. “Unakwenda wapi hivyo?”

“Mlango mkubwa.”

“Basi ngoja nivae viatu.”

Walinzi wa jumba la kina Yuheng walijaribu kuwazuia. Thubutu! Mama Guo aliwapita kama hawapo. Ukumbini walimkuta Yuheng ndiyo kwanza anatoka kusalimu ikulu, ambako mfalme aliyeondolewa bado aliachwa aishi, naye bado yumo ndani ya joho lake rasmi, pindo za mikono, zile zenye umbo la kwato za farasi, zimekunjwa juu. Mama yake Yuheng akamwamuru Suying avue sketi ile au atolewe nje.

Suying hakumjali. Alimgeukia Yuheng.

“Ulijua habari ya joho la waridi?”

“Nilijua,” akasema, macho chini. “Nilidhani nitamlainisha mama baadaye.”

“Baadaye lini? Siku nitakapozaa, mwanangu akishazoea kuniita mimi shangazi na kumwita mke wako mkubwa mama? Sema sasa hivi. La sivyo naondoka, na usinifuate.”

Mama yake Yuheng akacheka kwa dharau, akasema ukoo wa beile haubishani na wauza mikate.

“Baba yake alikuwa beile,” Mama Guo akadakia, “yeye ni beizi, na mwanawe atashuka tena. Cheo kinapungua kila kizazi, majivuno ndiyo hayapungui.”

Hapo Yuheng akazikung’uta zile pindo, ya kushoto, ya kulia, zikashuka mpaka kwenye vidole. Akapiga goti moja mbele ya Mama Guo.

“Pindo hizo hushushwa kwa wakubwa wako tu,” mama yake akafoka.

“Ndiyo, mama. Na huyu ni mama mkwe wangu.”

“Ukitoka naye, cheo unakiacha hapa.”

Yuheng akavua kofia yake ya cheo yenye kishungi, akaiweka kitini. “Kitunze, mama. Mimi nina mke.”

Wakatoka kwa mlango mkubwa, Suying mbele. Njiani alimwambia wazi kwamba hajamsamehe bado. Yuheng akasema atangoja.

Walipofika nyumbani, Mama Guo alimtazama mkwewe na joho lake la hariri, akamsogezea beseni.

“Haya, zikunje tena hizo pindo. Kuna unga wa kukanda.”