Dimitri Hageuzi Alama

— Takataka!

Dimitri alivuta kalamu nyekundu juu ya hesabu ya Domitille, kona hadi kona, mpaka karatasi ikachanika.

— Lakini Dimi, niliifanya polepole.

— Njo maana iko takataka ya polepole.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwa kina Domitille, mtaa wa Manika, Kolwezi. Domitille alikuwa na miaka thelathini na minne. Asubuhi aliuza samaki wakavu sokoni. Saa kumi na moja jioni alijibana kwenye dawati la masomo ya jioni, akijiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari alioukosa mwaka baba yake alipofariki. Dimitri, mchumba wake, alikuwa karani wa depo inayonunua mawe ya kobalti kwa wachimbaji. Alikuwa na graduat, shahada ya miaka mitatu ya chuo, na hakuna mtu Manika aliyeruhusiwa kuisahau.

Swali lenyewe lilikuwa fupi: nusu, kipeo x, ni kubwa kuliko moja juu ya nane. x iko wapi? Domitille aliandika kwamba x ni ndogo kuliko tatu.

— Moja juu ya nane ni nusu kipeo tatu, alisema Dimitri. Unaondosha nusu huku na huku. Kunabakia x kubwa kuliko tatu. Hata mbuzi anaona.

— Tata Mathieu, mwalimu wetu, anasema, kama namba ya chini ya kipeo ni ndogo kuliko moja, alama ya kubwa-kuliko inageuka.

— Tata Mathieu! Muzee wa suruali ya kufunga na kamba, anafundisha bamama ba samaki. Mi niko na graduat, Domitille. We uko na nini?

— Niko na Mungu.

— Mungu hana kazi na hesabu ya inéquation.

Alicheka peke yake, kama kawaida ya watu wanaojichekesha.

— Sikia. Jumamosi, siku ya posho, kunatoka matokeo ya majaribio. Ukianguka, unaacha masomo. Mama yangu hawezi kuja kuomba mwanamuke mwenye kushinda ku kalasi kama mutoto. Andika vile nilikuonyesha, utapita, tutaoana, basi.

— Na nikiandika vile mi naona?

— Njo tutajua kama unanipenda, ao unapenda kiburi yako.

Aibu ya mambo haya ni kwamba alimpenda. Mwanamume aliyembeba mama yako mgonjwa mgongoni mpaka hospitali si rahisi kumchukia.

Jumatano wanafunzi wa vituo viwili, Manika na Kapata, waliketi chumba kimoja kwa mtihani wa majaribio. Swali la saba likamwangalia Domitille usoni: theluthi, kipeo x, ni kubwa kuliko moja juu ya tisa. Jibu A: x kubwa kuliko mbili. Jibu B: x ndogo kuliko mbili.

Mkono ulikwenda kwenye A. Kwa mapenzi, si kwa hesabu. Akafumba macho.

“Bwana, sikuombi jibu. Nipe tu moyo wa kuamini kile ninachokiona.”

Akaweka tatu mahali pa x. Theluthi ya theluthi ya theluthi: moja juu ya ishirini na saba. Tatu ni kubwa kuliko mbili, lakini kipande kimekuwa kidogo kuliko moja juu ya tisa. Ukizidi kuukata mkate, kipande hakikui. Akachagua B, kama mtu anayetia sahihi barua ya kuachana.

Jumamosi asubuhi, katika chumba kile kile, Tata Mathieu alirudisha karatasi za vituo vyote viwili.

— Swali la saba, batu makumi mbili na tisa. Aliyepata ni mumoja. Mama Domitille.

Msichana wa kituo cha Kapata, Chancelle, akaruka kutoka kiti chake.

— Haiwezekani, tata! Fiancé yangu, ule atanioa, alinifanyia hesabu ya namna hii yeye mwenyewe. Iko na graduat!

— Graduat haikuzi theluthi, mama.

— Musikie basi vile aliniandikia!

Akasoma simu yake kwa sauti:

“Ma reine, malkia yangu, usigeuze alama. Kuko mama mumoja wa samaki ananichokesha na mambo ya kugeuza, anafundishwa na muzee wa kamba ku suruali. Mi namuvumilia tu juu mama yangu anamupenda.”

Darasa likapasuka kwa kicheko. Tata Mathieu akashika kiuno chake. Domitille hakucheka.

— Chancelle, fiancé yako anaitwa Dimitri?

— We unamujua namna gani?

— Mi njo mama wa samaki.

Kicheko kikakatika. Chancelle alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akapiga simu na kuweka sauti juu.

— Ma reine, umepita?

— Nimeanguka. Swali la kugeuza alama.

— Uligeuza?

— Hapana. Nilikufuata we.

— Basi ule mwalimu njo mujinga, sawa na ule mama wa...

— Dimi, alisema Domitille. Theluthi kipeo tatu ni ngapi?

Magunia yalisikika yakitupwa chini kule depo.

— Domitille? Uko na nani pale?

— Sikukuuliza hiyo. Theluthi, kipeo tatu.

— Moja juu ya... tisa. Hapana... Mupenzi, hii si mambo ya ku simu.

— Mupatieni majibu ya kuchagua! alipiga kelele mtu wa nyuma.

— Moja juu ya makumi mbili na saba, alisema Domitille. Mwambie mama yako asikuje kuniomba. Nitaenda mi mwenyewe kumusalimia, yeye hana kosa.

— Unaniacha juu ya swali moja?

— Hapana. Swali ningekufundisha. Nakuacha juu uliniomba nikose nikiwa ninaona, ili ujue kama nakupenda.

Chancelle akakata simu.

— Graduat! alisema, kama mtu anayetema punje ya mchanga.

Domitille alitoka nje, akasimama nyuma ya ukuta na kulia. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu na kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Tata Mathieu akashusha chaki.

— Mama, unaweza kurudia nyumbani. Leo imetosha.

— Hapana, tata. Swali la nane nilikosa. Nataka kuona ni wapi.