Maji ya Kumbatizia Fébronie

Fébronie, mama yake Belyse, alikuwa mfanya usafi hospitalini Westmead, huko ughaibuni. Jumamosi ile alipiga pasi gauni lake jeupe la ubatizo kwa mara ya tatu, maana Korona ilikwisha kuufuta ubatizo wake mara mbili. Ukumbi wa kanisa ulikuwa bado umefungwa. Lakini Novemba 2021 watu waliruhusiwa kukutana nje, na Pasta Wilondja akasema, "Tutabatiza mtoni!"

Usiku kucha mvua ikanyesha. Asubuhi jua likawaka, mto ukatulia. Fébronie alikuwa amekwisha kuvua viatu aliposikia sauti ya jirani yake Kariuki, ambaye hujitolea kupima maji ya mto huo, akija na chupa yake ya kuchotea sampuli.

"Mama Belyse, usiingie! Mvua imesomba kinyesi cha mbwa, mafuta ya barabarani, hata maji ya vyooni. Vyote vimo humo."

"Wee Kariuki!" pasta akacheka. "Maji hii iko safi. Naona mpaka mchanga!"

"Vijidudu havionekani kwa macho, Pasta. Akivimeza ataumwa tumbo wiki nzima."

Machozi yalimlengalenga Fébronie. Mara ya tatu, jamani! Akakasirika kwelikweli. "Basi nipe hiyo chupa, nipime mwenyewe."

Akaanza kuisuuza mtoni. Mtu wa usafi, utamwambia nini?

"Aa! Usisuuze!" Kariuki akapiga kelele. "Imeshasafishwa maabara. Usiiguse ndani. Izamishe, mdomo uelekee maji yanakotoka."

Chupa ikawekwa kwenye barafu, ikafikishwa maabara siku hiyohiyo. Majibu yakatisha: vijidudu vya kinyesi vilipita kiasi. Wakapima tena baada ya wiki nzima ya jua. Bado!

"Hii si mvua tu," alisema Kariuki. "Kuna mahali panavuja."

Fébronie hakukubali kushindwa. Kila alipopata mapumziko walipima, sehemu moja baada ya nyingine, wakipanda na mto. Mwishowe wakaliona: bomba la maji taka limepasuka vichakani. Wakatoa taarifa, mafundi wakaja, bomba likazibwa.

Januari maji yalipimwa mara tatu mfululizo, yakawa salama. Fébronie akazamishwa, akaibuka, na vigelegele vikapigwa kando zote mbili za mto. Alilia na kucheka pamoja.

Mwezi uliofuata walikuja wengine sita wa kubatizwa. Pasta Wilondja alisimama ukingoni na joho lake, asithubutu hata kuchovya kidole.

"Dada Fébronie," aliuliza kwa adabu, "majibu yanasemaje?"

Fébronie akaisoma karatasi ya maabara mpaka mstari wa mwisho.

"Ingieni!"